Jozi za Nzilani

Daktari Obiero alisamehe mengi. Ulichelewa darasani, alisamehe. Uliandika marejeo bila mwaka, alinuna kisha akasamehe. Jambo moja tu halikuwa na msamaha kwake, nalo ni mtafiti kutia mkono katika maisha ya watu anaowachunguza. Mtu wa namna hiyo, alisema, ni sawa na mpishi anayejikuna kwapa kisha akaendelea kukanda unga. Wanafunzi wake wa uzamili waliandika kila kitu, hata kwapa.

"Kazi yako ni kuona," aliwaambia. "Ukishaanza kusaidia, umeacha kuona. Wa kusaidia wapo, wana magari makubwa na fulana zenye nembo. Sisi tunaona."

Nzilani alipigia maneno hayo mstari. Alikuwa binti wa seremala wa Kitui, wa kwanza kwao kufika mahali ambapo watu hulipwa kwa kuuliza maswali, na alizipenda mbinu za utafiti kama wenzake walivyopenda kwaya. Kwao mambo yalithibitishwa kwa sauti: mjomba aliyepiga meza zaidi ndiye aliyekuwa na ukweli. Na sasa, kumbe kulikuwa na njia ya kujua jambo bila kupiga meza! Ilikuwa na hatua, ilikuwa na majina, na msichana mwenye sauti ndogo angeweza kuifuata mpaka mwisho na kumnyamazisha mjomba yeyote.

Mada yake ilikuwa ujirani. Nani huombana chumvi na nani, nani huwaangalia watoto wa nani mama akienda kibaruani, nani hufungua mlango akisikia hodi. Alitaka kulinganisha watu wa Kambi Muru, pale Kibera, na watu wa Kawangware, ng'ambo ya pili ya Barabara ya Ngong. Daktari Obiero, aliyekuwa msimamizi wake, akamfundisha kutumia jozi. Kwa kila mtu wa Kibera, tafuta mwenzake wa Kawangware anayefanana naye kwa kila kigezo: umri, watoto, kazi, dini, miaka aliyokaa, ukubwa wa nyumba. Wafanane kwa yote isipokuwa mahali. Hapo ukiona tofauti katika ujirani wao, utajua imeletwa na mahali.

"Na kabila, Daktari?" Nzilani aliuliza.

"Kabila usiguse. Uchaguzi umekaribia, hilo ni swali la kichochezi. Sisi ni wanasayansi."

Basi kabila halikuguswa. Siku zile wanasiasa walikuwa wakiligusa kila Jumapili kwa vipaza sauti, na huenda Daktari aliona limeguswa vya kutosha.

Novemba yote na nusu ya Desemba, Nzilani alikanyaga matope ya pande zote mbili akitafuta jozi. Ilikuwa kazi ya mshenga, tofauti ni kwamba wachumba hawa hawakutakiwa kuonana hata siku moja. Akipata fundi viatu Kambi Muru mwenye watoto wanne na kanisa la Kisabato, alizunguka Kawangware mpaka apate fundi viatu Msabato mwenye wanne. Akipata mwenye watano alimshukuru na kuondoka, na mtu wa watu akabaki akijiuliza mtoto wake mmoja alikosa nini.

Jozi iliyomtia kiburi kuliko zote ilikuwa ya washonaji wawili. Kambi Muru alikuwepo Waceke, mjane, mama wa watatu, aliyeshona yunifomu za shule mlangoni kwa cherehani ya miguu. Kawangware alikuwepo Nasipwondi, mjane, mama wa watatu, aliyeshona yunifomu za shule mlangoni kwa cherehani ya miguu. Waliingia Nairobi mwaka mmoja. Wote walikuwa Waanglikana, wote waliimba sauti ya pili, wote walikuwa na chumba kimoja chenye pazia katikati. Nzilani alipogundua hata mgongo unawauma upande mmoja, alirudi kwa Waceke akiwa hawezi kujizuia.

"Mama Wangoi, kuna mama Kawangware, jina lake Nasipwondi. Mko kama mapacha!"

"Acha! Hata mgongo?"

"Hata mgongo."

Waceke alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Haki ya nani. Basi nisalimie yeye."

Salamu si mchango wa chakula, Nzilani alijiambia, wala si dawa. Akaipeleka. Nasipwondi akairudisha, akaongezea pole ya mgongo. Mambo hayo hayakuingia popote katika ripoti aliyompa msimamizi wake.

Kisha watu wakapiga kura, wakakaa wakingoja matokeo, matokeo yakachelewa, na yalipotoka Kibera ikawaka. Kawangware ikawaka pia. Kwa jirani wa Kambi Muru, Waceke ghafla hakuwa tena Mama Wangoi wa yunifomu, alikuwa Mkikuyu. Kule Kawangware, Nasipwondi akawa Mluhya aliyepiga kura vibaya. Kigezo ambacho Daktari alikataza kisiguswe kilikuwa kinaulizwa mlango kwa mlango, na vijana wenye mapanga, bila hata hojaji.

Nzilani alikuwa amepanga chumba Olympic, pembeni tu mwa Kibera. Yeye hakuguswa. Mkamba mwaka ule alikuwa mtu wa kuwakunisha watu kichwa: upande huu ulimshuku kidogo, upande ule ulimshuku kidogo, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uhakika, walimwacha apite. Darasani aliambiwa kwamba kutokuwa na upande ni jambo la kujifunza kwa miaka. Yeye alipewa bure na mamake, siku aliyozaliwa Kitui.

Barabara zilipoanza kupitika, alikwenda uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ambako waliofukuzwa walikuwa wakilala kwenye mabanda na mahema. Alijiambia anakwenda kuhakiki sampuli. Uongo mtupu. Alikwenda kwa sababu hakupata usingizi. Alimkuta Waceke amekalia gunia, watoto watatu wamemzunguka, mkononi ameshika mkasi wa kushonea.

"Hii na ufunguo tu ndiyo nilitoka nayo," Waceke alisema. "Watu wanabeba vyeti, wanabeba pesa. Mimi nikabeba makasi. Akili ya mtu saa ingine ni ya kuku."

Nzilani akachuchumaa. Alitaka kusema pole, akaona neno lenyewe ni dogo mno.

"Sikiza," Waceke akasema, sauti ameishusha. "Huyo pacha wangu. Yeye ni Mluhya, ama?"

"Mama Wangoi, siwezi kusema. Niliahidi siri."

"Siri gani na ulileta jina lake ukiimba? Nasipwondi si jina la kwetu Murang'a. Kama mimi nimefukuzwa huku, yeye amefukuzwa huko. Si ni hesabu rahisi tu. Mwambie aingie kwangu, mimi niingie kwake. Kwangu bado kuko na kufuli, nimetuma mtu akaangalia. Lakini nyumba haiwezi kaa tupu hivi. Wakivunja waingie, imeenda. Mashine imeenda, na yunifomu za watu ziko hapo ndani, na hawa watoto sina mahali ingine ya kuwapeleka. Nzilani, hii hema mvua ikikuja?"

Nzilani akaomba simu ya mtu mmoja iliyokuwa na kredi, akasogea mbali kidogo, akampigia Daktari Obiero. Daktari alikuwa kwake, nje ya mji, upande wa Limuru, katika nyumba ya mawe aliyoijenga kwa miaka mingi. Alisikiliza kisha akapumua kwa nguvu, na Nzilani alidhani ni huzuni.

"Unajua ulichonacho?" Daktari alisema. Ilikuwa furaha. "Ulipima kabla. Sasa utapima baada. Kuna wanazuoni hufa hawajapata bahati hii! Usimguse mtu. Wapime pale walipo."

"Lakini Daktari, nyumba ya huyu mama itachukuliwa."

"Basi andika kwamba ilichukuliwa."

"Na kama ninaweza kuzuia?"

"Nzilani. Ukimhamisha hata mmoja, sina tasnifu ya kusimamia. Na ukitoa jina la mhojiwa kwa mhojiwa mwingine, hapo hata chuo hakitakuhitaji. Umenielewa?"

Alimwelewa. Kisha, kwa adabu, akamuuliza kama huko aliko ni salama.

"Majirani zangu ni watu waliosoma," Daktari akajibu, akakata simu.

Nzilani alirudi akaketi kwenye nyasi karibu na Waceke. Alikuwa na hasira. Alimkasirikia Daktari, lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu kwa dakika nzima pale kwenye simu na yeye alikuwa amefurahi. Aliiona sura ya nne ya tasnifu yake, meza zake, kabla na baada, na watu wakimpigia makofi. Miaka aliyosoma, mbuzi wa babake waliouzwa, yote yalikuwa katika meza zile. Mtoto mdogo wa Waceke akamwegemea begani akalala. Ni uzito wa kichwa kile, naamini, uliomaliza ubishi, ingawa yeye baadaye alidai alifikiri kwa makini.

Kesho yake alimpata Nasipwondi katika ukumbi wa kanisa moja Kawangware, watoto watatu na kibeti. Alimweleza yote. Nasipwondi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Mashine yake inakula uzi ama ni nzuri?"

"Ni nzuri."

"Basi twende."

Walikutana mchana Dagoretti Corner, karibu na kituo cha petroli, kila mmoja na watoto wake. Nzilani alikuwa hajawahi kuwaona pamoja. Nasipwondi alikuwa mrefu kama mlingoti, Waceke mfupi na mnene, na wakatazamana muda mrefu.

"Wewe ndiye mimi?" Waceke akauliza.

"Ndio nilivyoambiwa," Nasipwondi akajibu, na wote wawili wakamgeukia Nzilani kwa jicho la mtu aliyeuziwa kitambaa kwenye giza.

Kisha wakapeana funguo, na hapo Nzilani akasahaulika kabisa. Mlango wangu unauinua kidogo ndio ufunge. Wangu una panya, lakini ni mmoja na ana heshima. Maji yanakuja asubuhi mapema, usingoje jua. Mama wa chumba cha pili ni mdomo tu, usimjali. Na yunifomu! Januari ilikuwa imefika, shule zilikuwa zifunguliwe, na kila mmoja alikuwa ameacha sare za watu zimekatwa bila kushonwa.

"Zile za kijani ni za shule ya juu," Waceke alieleza. "Kola bado. Wateja watakuja tu, wao si watu wabaya, ni vile waliogopa. Usiweke vifungo vyeupe, mwalimu mkuu anarudisha."

"Zangu ni za drafti nyekundu. Kuna sketi moja ya msichana mnene, niliacha nafasi kwa mshono. Usikaze."

"Siwezi kaza."

Nasipwondi alianza kulia akiwa bado anaeleza marinda, na Waceke akamshika mkono. Walikuwa wamefagia, wote wawili, kila mmoja usiku ule wa kukimbia. Watu wanatafutwa na mapanga, na wao wanafagia, asije mtu akaingia akasema waliishi uchafu. Hiki nacho hakikuwa kigezo. Nzilani angejua, angekiweka cha kwanza.

Habari haikukaa. Wiki haikuisha, na jozi zake zote zilikuwa zinamtafuta. Nani ni wangu? Nionyeshe wangu! Fundi viatu Msabato akapata Msabato wake, muuza makaa akapata muuza makaa, na mikokoteni ikapishana Barabara ya Ngong imebeba vitanda. Wale ambao hawakuwa katika sampuli walimlalamikia kwa uchungu. Mama mmoja alimkumbusha kwamba alibisha kwake Novemba, akamkataa kwa kuwa ana watoto watano. Nzilani alimshika tu mkono na kuendelea kutafuta.

Kulikuwa na mambo ya kuchekesha pia, nayo lazima niyaseme. Muli wa Kambi Muru na Mbuvi wa Kawangware walikuwa Wakamba wote wawili, wa Machakos wote wawili, na hakuna aliyewafukuza. Lakini waliona kila mtu anahama, wakaona watapitwa. Wakahama. Muli akalalamika nyumba ya Mbuvi inavuja, Mbuvi akalalamika nyumba ya Muli iko karibu na choo, na wote wakaja kumlaumu Nzilani kwa vigezo vibovu.

Na kulikuwa na mzee Shiundu, aliyefukuzwa Kawangware. Mwenzake wa Kambi Muru alikuwa Mluhya kama yeye, ametulia kwake, hana haja ya kwenda popote. Nzilani alijaribu kumtafutia jozi nyingine, akakosa. Mzee alibaki hemani mpaka akapanda basi la kwenda Webuye, mji ambao hakuwa ameukanyaga tangu ujana wake. Nzilani alimsindikiza, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shahada ile alilia mbele ya mhojiwa.

Mwisho wa Februari wakubwa walipeana mikono kwenye runinga. Machi, Nzilani akaitwa mbele ya jopo la idara kueleza maendeleo ya utafiti wake. Daktari Obiero alikuwa katikati, amekonda, koti limemkaa kama la kuazima.

"Sampuli yako ya Kibera iko wapi?" aliuliza.

"Iko Kawangware, Daktari."

"Na ya Kawangware?"

"Iko Kibera."

Mmoja wa wanajopo akakohoa kohozi lisilokuwepo.

"Nani aliihamisha?"

"Ni mimi."

"Kwa kigezo gani?"

"Walikuwa wamefukuzwa, Daktari. Na nilijua mahali pa kukaa."

"Hicho si kigezo," Daktari akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma saa. Utafiti ukakataliwa. Aanze upya mwaka ujao, kwa watu wapya, mahali papya, kama ada itapatikana. Alitoka akiwa amekauka, hajui atamwambia nini babake.

Alikwenda ofisini kwa Daktari kuchukua karatasi zake. Karani wa idara alimzuia mlangoni.

"Gonga kwanza, halafu ungoje kidogo," alimnong'oneza. "Analala humo. Si ulisikia? Ile nyumba yake walichoma mwezi wa kwanza, eti Mjaluo anafanya nini Limuru. Majirani walisimama pale langoni wakaangalia tu. Mapofesa, mawakili."

Jambo la kwanza alilosikia Nzilani moyoni lilikuwa furaha, nzito na chafu. Nalisema kwa sababu ni kweli. Ilimjaa kifuani mpaka akashika ukuta. Kisha ikaisha, akaona haya, akashuka kumpigia simu Nasipwondi, akarudi, akagonga, akangoja.

Ndani, nyuma ya rafu ya vitabu, kulikuwa na godoro la futi mbili na nusu, sufuria moja, na shati limeanikwa kwenye kiti. Daktari Obiero alisimama mbele ya vitu hivyo akijaribu kuvificha kwa mwili wake, na mwili haukutosha.

"Uamuzi ni ule ule, Nzilani."

"Sikuja kwa uamuzi. Kambi Muru kuna chumba kitupu, mlango wa pili kutoka kwa mama mmoja mshonaji. Nimeshaongea naye. Anafagia."

Nje wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipita wakipiga kelele.

"Umenilinganisha na nani?" Daktari akauliza hatimaye.

"Sijakulinganisha na mtu, Daktari. Ni chumba tu."

"Uamuzi wa jopo hauwezi kubadilika kwa ajili ya hili."

"Najua."

"Ni lazima uanze upya. Ningekuwa na mwanafunzi mwingine ningemwambia vile vile."

"Nitaanza."

Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena. Nzilani akageuka kutazama rafu ili mzee wa watu apate nafasi. Walipogeukiana, Daktari alikuwa ameshakunja godoro na kulifunga kwa kamba, amelishika upande wa kichwani. Nzilani akashika upande wa miguuni. Na yule aliyemkataa saa moja iliyopita mbele ya watu wote akamwomba, kwa sauti ya chini, kama hatajali, wapite ngazi za nyuma.